Pikipiki ya Mahari

Mwese, 5 Juni 2023

Mkwe wangu Aloyce,

Salamu. Sisi wazima, maharage tumevuna. Simu ninayo, na nikipanda nyuma ya kanisa inashika, lakini mambo ya mahari hayasemwi kwenye simu kama bei ya mkaa. Yanapita kwa mshenga. Kwa hiyo barua hii atakukabidhi Zefania, yule yule aliyeleta posa yako.

Ni kuhusu pikipiki. Tulipatana ng'ombe watatu. Miaka minne umekaa na binti yangu Yustina kwa ahadi, na mwezi uliopita ukaja na wazee wako, suti imekubana, ukasema badala ya ng'ombe unaleta chombo cha thamani, pikipiki ya Kiingereza ya zamani ambayo Katavi nzima hakuna mwenye nyingine. Niliiona imepakwa rangi nyeusi, tangi linang'aa. Yustina akaiwasha, akaizungusha uwanjani, wanawake wakapiga vigelegele, nikakubali. Nilikuwa nimekunywa pombe ya asali. Sina utetezi zaidi ya huo.

Tangu mmeondoka haijawaka. Wamekuja vijana wa bodaboda mmoja mmoja, kila mmoja akisema mwenzake hajui, na wa mwisho ameondoka akichechemea kwa sababu kiki ilimrudi kwenye ugoko. Imekaa chini ya paa la jiko inavuja oili, na kuku wamehama upande ule. Ng'ombe hata akiugua unamchinja, watu wakala. Hii nitaichinjaje?

Nieleze umeniletea nini.

Mimi,
Luhende


Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Majengo, Mpanda.
11 Juni 2023

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PIKIPIKI

Baba Mkwe, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimesoma barua yako na nimesikitika kuona chombo cha heshima kinahukumiwa na vijana wa bodaboda. Pikipiki hii si kama hizi za siku hizi ambazo kila muuza nyanya anayo. Inataka mtu anayeielewa.

Unayoyaita maovu sisi tunaoielewa tunayaita tabia za kawaida. Kuvuja oili ni kawaida, maana yake ndani imo. Kiki kurudi ni kawaida. Taa kufifia ukipunguza moto ni kawaida, na gia kukataa kurudi katikati ukisimama ni kawaida pia. Chombo kilichoishi miaka sitini kina haki ya kuwa na tabia zake, na mwenye nacho anazivumilia.

Utaratibu ni rahisi. Fungua koki ya petroli, vuta choki, piga kiki kwa nguvu bila woga. Ikiwaka, gia iko mguu wa kushoto na breki mguu wa kulia, kama pikipiki zote duniani. Nadhani tatizo ni kwamba huko mlimani mmezoea baiskeli.

Wako katika ujenzi wa ukoo,
Aloyce


Mwese, 24 Juni 2023

Aloyce,

Barua yako imefika ikiwa na kichwa cha habari, kama tangazo la mnada. Huku tukimwandikia mkwe tunaanza na hali ya watu wake. Lakini tuache hayo, kila mtu na malezi aliyopata.

Imewaka. Niliipiga kiki asubuhi nzima kwa nguvu bila woga, kama ulivyoagiza, na nilipokwisha kuitukana kwa Kikonongo na Kiswahili ikawaka. Nikateremka nayo kuelekea shambani. Ilikwenda vizuri, sikatai. Nilipofika kwenye mteremko wa mizinga nikataka kusimama, nikakanyaga mguu wa kulia kama pikipiki zote duniani. Badala ya kusimama ikaruka mbele.

Mizinga niliyoiingia ilikuwa imejaa. Nyuki wamenila uso na shingo na mahali pengine ambapo mkwe haambiwi. Mama Yustina alinikuta njiani akanisalimia kwa adabu zote kama mgeni, akaniuliza natafuta nyumba ya nani.

Zefania ameikagua. Anasema pikipiki hii breki yake iko kushoto na gia kulia, ndivyo Waingereza wa zamani walivyozitengeneza, na mtu akiipanda hata mara moja lazima ajue. Sasa mimi nimelala na uso uliovimba, sina kazi, nafikiri. Nafikiri juu ya mtu aliyemiliki pikipiki, akaipenda, akaiona inafaa kutolewa mahari, na hajui breki iko mguu gani.

Luhende


Majengo, 1 Julai 2023

YAH: UFAFANUZI WA MGUU WA BREKI

Baba Mkwe, shikamoo, na pole kwa nyuki.

Kulia na kushoto ni suala la mtu amesimama upande gani. Mimi niliandika nikiwa nimeiangalia kwa mbele. Mtu mwenye uzoefu angelielewa hilo bila kuandikiwa. Sikutegemea kwamba baba wa watu wazima atakimbilia kwenye mizinga yake mwenyewe.

Hata hivyo, ili usiseme sijali, namtuma Yustina kwa wiki moja akuonyeshe. Yeye huwa ananisaidia kuiwasha nikiwa na nguo za kazini, kwa hiyo amezoea mikono yake kuwa michafu. Jumapili ya tarehe tisa awe amerudi. Duka lina wateja wa bati na mimi siwezi kupima misumari na kupokea pesa kwa wakati mmoja.

Aloyce


Mwese, 15 Julai 2023

Aloyce,

Nimefika salama. Baba uso umepungua. Mizinga miwili imevunjika na amekataa isitengenezwe mpaka wewe uje uione, hivyo imelala palepale.

Namfundisha. Siku ya kwanza alitaka kunionyesha alivyokuwa anaipiga kiki, nikamwambia asiipige kabisa. Kwanza afungue koki, kisha abonyeze kile kitufe cha kabureta mpaka petroli imlowanishe kidole, aisukume kiki taratibu mpaka aone imegoma, ndipo akanyage mara moja na kuuachia mguu ulegee. Choki haivutwi ikiwa na joto. Gia ya katikati inatafutwa wakati magurudumu bado yanazunguka, ukishasimama umechelewa. Koki lazima ifungwe ukifika, la sivyo petroli yote inakwenda chini. Siku ya tatu iliwaka mguuni kwake, akazima akaiwasha tena, akazima akaiwasha tena, mpaka mama akamwambia petroli hainunuliwi kwa majivuno.

Juzi nilikwenda nayo Mishamo kumsalimia Mzee Méthode. Aliijua kwa mlio kabla sijakata kona, akatoka nje na fimbo yake. Ameuliza ni nani aliyeipaka rangi hii.

Jumapili imepita, najua. Nitakaa kidogo. Ufunguo wa stoo uko ndani ya ndoo ya misumari ya inchi nne.

Yustina


Majengo, 30 Julai 2023

Yustina,

Wiki moja imekuwa mwezi. Ufunguo haukuwa kwenye misumari ya inchi nne, ulikuwa kwenye ya inchi tatu, nimemwaga ndoo zote mbili sakafuni mbele ya wateja.

Nimesikia mambo ya kunichafua. Lidia wa hapa jirani amekuona njia ya Mwese umepakia robota la vitenge kwenye pikipiki, umefunga kilemba kama mchuuzi. Nilikwisha kukuambia tangu siku ya kwanza kwamba mke wa mfanyabiashara hapandi pikipiki. Ndiyo maana niliiweka stoo, na nikakutoa kwenye maisha ya kuuza nguo mlango kwa mlango nikakukalisha dukani kwenye kiti chenye mto. Watu wanaliona hilo. Wewe tu ndiye huoni.

Jambo lingine. Baba yako ana maswali mengi. Akikuuliza pikipiki ilinunuliwa wapi, mwambie Mpanda. Ya nyumbani kwetu yabaki nyumbani kwetu.

Rudi na gari la Jumatano.

Aloyce


Mwese, 12 Agosti 2023

Aloyce,

Nilimuuliza binti yangu swali moja, kwa nini pikipiki inamjua. Aliendelea kuchambua mchele. Mama yake ndiye aliyesema, basi mwambie, hatuwezi kumficha mtu aliyeumwa na nyuki kwa ajili ya pikipiki hiyo.

Akaniambia. Pikipiki aliinunua yeye kwa Mzee Méthode wa Mishamo, kabla hajakufahamu, kwa faida ya vitenge alivyozungusha vijijini akitembea kwa miguu. Wakati ule alipanga chumba Makanyagio, huko Mpanda, na sisi huku tulijua anauza nguo, hatukujua anazibeba na nini, kwa sababu aliona haya kutuambia anaendesha. Méthode alimfundisha wiki nzima kabla hajamkabidhi. Mlipoanza kukaa pamoja ukaifungia stoo. Mwaka huu ulipobanwa na Zefania kuhusu mahari, ukaipaka rangi.

Nimeishi miaka sabini. Nimewaona wakwe waliotoa ng'ombe wagonjwa, wakwe waliotoa mbuzi wakasema ni ndama, na mmoja, Mungu amrehemu, alileta ng'ombe wa kuazima akawarudia usiku. Wote hao nilikuwa nawadharau. Leo nawaomba radhi, kwa sababu angalau walihangaika kutafuta kitu. Wewe uliingia chumbani kwa binti yangu, ukachukua mali yake, ukanilipa nayo kwa ajili yake. Yeye ndiye aliyejitolea mahari. Na mimi nilisimama pale na kibuyu mkononi nikakushukuru.

Mahari ya Yustina haijalipwa hata kwato moja. Atabaki kwao.

Luhende


Majengo, 19 Agosti 2023

YAH: UPOTOSHAJI

Baba Mkwe,

Nimepokea matusi yako. Nayajibu kwa hoja.

Mke ni wangu, na cha mke ni changu, kama changu kilivyo chake. Pikipiki ilikula kodi ya stoo yangu miaka minne. Rangi nilinunua mimi, mpira wa nyuma nilinunua mimi. Isingekuwa mimi ingekuwa chuma chakavu kwenye mizani ya wauza skrepa. Kwa hiyo kilichotolewa uwanjani kwako kilikuwa kazi ya mikono yangu.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, miaka minne nyumba yangu haina mtoto na sikumrudisha. Wanaume wengine wangemrudisha. Nilitegemea hilo lihesabiwe.

Yustina mwenyewe alikuwepo siku ile na hakusema neno. Mwulizeni kwa nini.

Aloyce


Mwese, 2 Septemba 2023

Aloyce,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya Mama Yustina. Nilipofika pale pa mtoto alinyanyuka akatoka nje, na mimi sikuendelea. Sitalijibu. Kuna maneno ambayo mtu akiyajibu anashuka mpaka yalipo.

Ukimtaka mke, leta ng'ombe watatu, wa kwako, waliotoka jasho lako. Zefania atawaleta. Wakifika ukoo utakaa, na binti ataulizwa mbele ya watu kama mali ipokelewe au isipokelewe, kama ada ilivyo. Mimi nitafuata atakalosema. Pikipiki haimo katika mazungumzo haya, ni yake.

Luhende


Majengo, 18 Septemba 2023

Baba Mkwe, shikamoo. Mama shikamoo.

Ng'ombe wamo njiani na Zefania. Nimewanunua kwa Mwandu, yule Msukuma mwenye boma chini ya barabara ya Mpanda Ndogo, ambaye hauzi ng'ombe mbaya. Ni watatu kamili. Huyu mweupe kulala njiani ni tabia yake ya kawaida, ukimsubiri kidogo ananyanyuka. Huyu mwenye pembe moja ni mtulivu sana, umri umemtuliza. Na wa tatu kwato la nyuma lina kidonda ambacho Mwandu anasema kinapona chenyewe kiangazi kikiisha.

Nimetimiza. Sasa namwomba mke wangu, na kwa kuwa nimelipa mahari kamili naona ni haki pikipiki irudi naye, kwa sababu mahari hailipwi mara mbili.

Mwambieni Yustina duka limekuwa kimya. Wateja wanaingia, wanamuulizia, wanatoka. Nakula kwa mama ntilie wa stendi. Jana nilijikuta nimempimia misumari kilo nne mtu aliyetaka rangi. Mwambieni hivyo tu, msimwambie nimesema mimi.

Aloyce


Mwese, 23 Septemba 2023

Aloyce,

Baba hakuandika safari hii. Nimemwambia niandike mwenyewe.

Umeuliza kwa nini sikusema neno siku ile ya pikipiki. Nilisema. Wewe ulikuwa unapigwa picha na wazee wako. Nilipoulizwa ndani, mbele ya mashangazi, kama mali ipokelewe, nilisema ndiyo ipokelewe, na shangazi Theopista akaniangalia machoni akaniuliza tena, nikasema ndiyo tena. Niliiona pikipiki yangu pale uwanjani na rangi yako mbichi ikiwa imemwagikia mpaka kwenye spoku, nikakuonea aibu. Nilidhani mtu anayemwonea mwenzake aibu kiasi kile lazima anampenda. Ndiyo maana niliiwasha mbele ya watu. Ingekataa, ungeumbuka.

Nimekuwa huku wiki nyingi sasa. Natoka asubuhi na robota langu, nakwenda Mishamo, nakwenda Katuma, narudi jioni na vumbi. Ikizimika njiani nasimama, nasafisha plagi kwa upindo wa kitenge, naondoka. Haijawahi kunikasirisha. Nilikaa kwenye kile kiti chenye mto miaka minne nikifikiri mimi ndiye mwenye hasira za karibu, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa unawaambia wateja. Baba anapita na kikombe cha chai kuniaga, ananiambia niangalie mchanga kwenye kona. Hivyo tu. Sikujua kama nina njaa ya kuambiwa hivyo.

La mtoto nimelisoma. Hospitali ya kwanza tulikwenda wote, na ya pili ulikataa kwenda, ukasema mwanaume hapimwi. Nililinyamazia kwa baba na mama mpaka wiki hii. Sasa wanajua.

Ng'ombe wamefika juzi. Yule mweupe alilala mara nyingi sana njiani, Zefania amekonda. Watu wa Mwese walijaa, wengine hawakuja kwa ajili ya mahari, walikuja kuona safari hii umeleta nini. Wamecheka sana. Rafaeli, mtoto wa baba mkubwa, alimzunguka yule mwenye pembe moja akauliza choki yake iko wapi. Mimi sikucheka. Nilisikia umesema duka limekuwa kimya, na ujue maneno yale yaliniingia, maana katika barua zako zote ni hayo peke yake ambayo hukuyapaka rangi. Usiku ule sikulala vizuri. Kama ungeyasema hayo peke yake, ukaja nayo mikono mitupu ukasimama mlangoni kwa baba, sijui ningesema nini. Lakini uliyaandika chini ya ng'ombe wagonjwa, ukataka na pikipiki irudi.

Wazee walikaa, baba akasogeza kiti chake pembeni asije akaonekana ananikonyeza. Nikaitwa. Shangazi Theopista akaniuliza, binti yetu, mali hii tuipokee? Nikasema isipokelewe. Akaniuliza mara ya pili kama anavyotakiwa, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Nikasema wafunguliwe kamba.

Wanaondoka na Zefania kesho alfajiri kabla jua halijawa kali. Yule mwenye kidonda nimemfunga kwato kwa kitambaa, nimeweka na asali. Mwambie Mwandu asimtembeze sana.

Yustina Luhende